Baba Yuko Ulaya

Sisi tuliozaliwa Ulaya tulikuwa na tabia moja tukifika Dar es Salaam: tulisema tunatoka Kilosa. Si kwamba tuliona haya, tulikuwa tumechoka tu. Ukimwambia mtu wa mjini kwamba kwenu ni Ulaya, atacheka kwanza, halafu atakutazama miguu, halafu atauliza kama baridi ya huko bado ni kali, na akishamaliza kucheka atamwita mwenzake ili waanze upya. Hapo ndipo unaeleza kwamba Ulaya ni jina la kwetu, iko kwenye njia ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi, watu wanalima mahindi na pamba, na theluji hatujapata kuiona. Nani alitupa jina hilo sijui. Kila mzee ana hadithi yake na hakuna mbili zinazofanana. Mimi maelezo hayo niliyatoa siku zangu za kwanza mjini, kisha nikayaacha. Kwenu wapi? Kilosa. Mazungumzo yakaisha.

Mjini nilikwenda mwanzoni mwa miaka ya sabini, kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Nilipanga chumba Buguruni, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati, na uani bomba moja lililotugombanisha wote. Wakati ule kila mtu alikuwa ndugu. Msimamizi wa zamu alikuwa ndugu, karani wa mishahara ndugu, kondakta wa basi ndugu, na redioni tuliitwa ndugu wananchi tangu asubuhi. Nililipenda neno hilo na bado nalipenda, lakini nisidanganye: ndugu wengi namna ile sijapata kuwa nao tena, na mpweke namna ile sijapata kuwa tena. Nikiumwa kichwa nililala nacho peke yangu, na hakuna ndugu hata mmoja aliyejua.

Chumba cha jirani na changu alikaa kuli wa bandarini. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mabega mapana kwa kubeba, sauti ya chini, na masikio makubwa yaliyosimama wima, ambayo wapangaji wenzetu walikuwa wakiyasema akiwa hayupo. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni akaoga, akapika chake na kula chake, akafagia mbele ya mlango wake na wangu. Hakunywa, hakwenda mpirani, hakukaa barazani kupiga porojo. Nikamwona mtu mwenye majivuno. Kisha siku moja mlango wake ulikuwa wazi, nikachungulia, nikaona kuta.

Kuta zote nne zilikuwa zimejaa picha za Ulaya, Ulaya yenyewe ya Wazungu. Makanisa yenye minara, madaraja, treni za chini ya ardhi, wanawake waliovaa manyoya shingoni, na theluji mpaka madirishani. Alizipata kwa mabaharia: kalenda za mwaka uliopita, majarida yaliyosomwa yakatupwa, makasha ya biskuti. Alizibandika kwa uji wa muhogo, nchi kwa nchi, na alijua mji upi uko wapi na mto upi unapita mji upi. Msumarini lilining'inia koti zito la sufu, ambalo kila Jumapili alilianika juani uani, katika joto lile la Dar es Salaam, akalipiga vumbi kwa ufito. Watoto wa mtaani walimwita Mzungu wa Buguruni. Hakuwajibu na hakuwafukuza.

Nilimuuliza picha za nini zote zile. Mimi ni mtu wa kuuliza.

"Baba yangu yuko Ulaya," alisema.

Aliisema kama mwingine angesema baba yangu yuko shambani. Nikafikiri ananitania, au anajikweza, maana mjini watu walikuwa na baba wa kila aina. Lakini alinipa kigoda, akanieleza, na nilipomaliza kusikiliza sikuwa na hamu ya kucheka.

Mama yake alikuwa mtu wa mjini, aliyelelewa na watu na kuuza mihogo ya kukaanga. Baba alikuwa kibarua kutoka bara. Waliishi pamoja, akazaliwa yeye, na kabla hajajua kutembea baba akaondoka. Kila alipouliza, mama alimjibu maneno yale yale: "Baba yako yuko Ulaya, ng'ambo. Atarudi." Kisha mama akaugua kifua, akafariki wakati mtoto bado anang'oka meno ya utoto. Alizikwa huko huko mjini na majirani. Mama mmoja muuza vitumbua akamchukua mtoto, na yeye ndiye aliyemalizia habari kwa akili yake: kwamba ule ulikuwa wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, vile vya pili, watu walipakiwa melini wakapelekwa ng'ambo, basi bila shaka baba naye alipakiwa. Hakuwa na nia mbaya. Alipewa maneno mawili, Ulaya na ng'ambo, na mtu yeyote mjini akipewa maneno hayo mawili atayaunganisha hivyo hivyo.

Na mimi, niliyezaliwa Ulaya, nikakaa kwenye kile kigoda nimezungukwa na theluji, na wala sikuikumbuka Ulaya yetu.

Kazi ya bandarini aliitafuta kwa ajili hiyo. Kila meli ilipofunga, alimtafuta baharia mwenye uso wa upole akamuuliza habari za Mwafrika mtu mzima, aliyekwenda wakati wa vita. Alijifunza kuuliza swali hilo katika lugha za watu ambao hata majina ya nchi zao mimi sikuyajua. Wengine walimfukuza, wengine walimpa sigara ambazo hakuvuta. Wapo waliomwambia wamemwona mtu wa namna hiyo katika mji fulani, naye akarudi nyumbani akatafuta mji huo ukutani, akautazama jioni nzima. Aliwauliza baridi inaua vipi. Aliwauliza mtu mweusi akifa huko anazikwa na nani. Swali hilo la mwisho alinieleza mara moja tu, akainama kufunga kamba za viatu ambavyo tayari vilikuwa vimefungwa.

Wapangaji wenzetu walisema amechanganyikiwa. Mimi sikukubali, na kwa ulimi wangu ulivyo niliwaambia hivyo hivyo uani, mbele ya bomba. Mtu aliyechanganyikiwa hafiki kazini kila siku, haogi, hafagii mlango wa jirani. Huyu alikuwa na jambo moja tu moyoni na hakuliacha, na kwa kweli nilimwonea fahari. Mimi nilikuwa na baba na mama, wazima, mwendo wa siku moja tu kutoka pale, na nilikuwa nikienda likizo nikinung'unika kwamba barabara ina vumbi. Yeye hakuwa na hata sura ya kukumbuka, na bado alimwekea baba yake nafasi, tena safi, iliyofagiwa.

Lakini jambo hilo lilimgharimu. Alitaka kuoa. Binti mwenyewe alikuwa mshonaji wa mtaa wa nyuma, mchangamfu, na walikuwa wamekubaliana. Akamwomba mzee mwenye nyumba yetu ampelekee posa. Mzee akaenda, akapokewa vizuri, akapewa chai. Baba wa binti akasema kijana wanamjua, mchapakazi, hana neno na mtu. Swali lake lilikuwa moja: ni mtoto wa nani?

"Baba yake yuko Ulaya," mwenye nyumba akajibu.

Waliokuwapo wakaangua kicheko. Baba wa binti naye alicheka, kisha akafuta macho akasema basi, watamsubiri arudi. Mwenye nyumba alirudi amekasirika kwa niaba yake. Yule kuli hakukasirika. Alisema ni haki yao, mtu hatoi mtoto kwa mtu asiye na wa kumwita baba. Binti akatuma neno kwamba atasubiri, ingawa si mpaka azeeke. Tangu hapo yule kuli alikuwa akibaki bandarini mpaka giza linapoingia, akiuliza, na nilipomwona akirudi na uso ule, nilijua bila kuambiwa kwamba meli nyingine imekuja bure.

Kisha mjomba wangu akaja mjini.

Mjomba, kaka wa mama yangu, alikuwa mtu mwembamba, msemaji, mwenye kupenda safari. Hakutoa taarifa. Alishuka basi na kapu la ukindu, ndani yake kuku, akauliza njia mpaka akafika. Mimi nilikuwa zamu ya asubuhi. Siku hiyo hakukuwa na meli, na aliyekuwapo nyumbani ni jirani yangu. Yaliyotokea walinisimulia wote wawili, kila mmoja kwa upande wake, na mama wa chumba cha mbele aliyekuwa akichambua mchele ukumbini akaongeza chumvi yake.

Mjomba alibisha hodi. Akakaribishwa, akaamkiwa, akaitikia marahaba, akauliza kama hapo ndipo anapokaa mpwa wake wa kiwandani. Akaambiwa ndipo, akae, maji haya hapa.

"Umetoka mbali, mzee?" jirani yangu akamuuliza.

"Mbali kidogo, mwanangu. Natoka Ulaya."

Mama wa chumba cha mbele alisema aliacha kuchambua mchele.

"Mzee," jirani yangu akasema pole pole, "nimekuamkia kwa heshima, nimekupa maji. Nani amekutuma unitanie?"

"Nikutanie, kwani wewe mtani wangu?"

"Unatoka Ulaya, na kuku kapuni."

"Kuku wa Ulaya," mjomba akasema, naye sasa ameanza kupanda hasira. "Kala mahindi ya Ulaya. Ana kasoro gani?"

Nilipoingia nilimkuta mjomba amesimama upande mmoja wa ukumbi na kapu lake, na yule kuli upande mwingine, akifoka, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Kila mmoja akaanza kunishtakia mwenzake. Nilimwamkia mjomba, nikamwambia jirani yangu atulie, huyu ni mjomba wangu, hakumtania, kweli ametoka Ulaya, Ulaya ndiyo kwetu.

"Uliniambia Kilosa."

"Ulaya iko Kilosa, kaka. Ni kijiji. Ni jina tu."

Na hapo, nilipolitamka mwenyewe kwa mdomo wangu mbele yake, ndipo nilipolisikia. Yeye alikuwa amelisikia kabla yangu. Alimtazama mjomba, siyo mimi.

"Hiyo Ulaya," aliuliza, "ina ng'ambo?"

"Ng'ambo ya Miyombo?" Mjomba alishangaa swali lenyewe. "Ipo. Mto unapita katikati, waliokaa upande ule tunawaita watu wa ng'ambo. Mke wangu wa kwanza nilimwoa ng'ambo. Kwa nini?"

Kuli akakaa chini pale pale sakafuni. Kisha akayasema maneno ya mama yake, yale yale, kwa sauti ya mtoto anayeulizwa kitu shuleni: Baba yako yuko Ulaya, ng'ambo. Atarudi. Mjomba aliweka kapu chini taratibu, akaketi karibu naye.

Alipoanza kusema alikuwa mwangalifu. Alisema enzi za Mwingereza watu wengi wa kwetu walikwenda mjini, wengine wakarudi, wengine hawakurudi, na waliorudi wengi wao sasa wako makaburini. Alisema hawezi kumwahidi mtu kitu. Jirani yangu alisema anaelewa. Asubuhi yake nilipita mlangoni nikaona picha zote bado ziko ukutani, hata moja hajabandua. Nikamuuliza, hujaamini?

"Nimeamini kwamba kijiji kipo," alisema. "Kama huko hayupo, hizi nitazihitaji."

Ukaidi wa namna hiyo mimi nauheshimu mpaka leo.

Niliomba likizo, tukaondoka watatu. Tulipitia Morogoro, tukashuka Mikumi mchana, jua limewaka, na yeye amevaa kofia mpaka masikioni na lile koti la sufu. Alikuwa amelinunua kwa ajili ya siku ya kwenda Ulaya, na siku hiyo ndiyo hii. Mikumi wakati ule ilikuwa mistari miwili ya maduka kando ya lami ambayo bado ilikuwa mpya, na watu walikaa kwenye migahawa wakisubiri usafiri wa kwenda Kidodi na Ruhembe kwenye miwa, au upande wetu. Tulikunywa chai. Njiani tulikuwa tumepita tembo wamesimama karibu kabisa na barabara na abiria wote wakahamia dirisha moja, lakini yeye hakuwatazama. Jasho lilimtoka, na alikuwa akitingisha midomo, nadhani akipanga la kusema.

Likaja lori la kwenda Kilosa. Utingo alikuwa kijana aliyefunga kitambaa kichwani, mwenye haraka, akiwapandisha watu na magunia kwa sauti moja. Jirani yangu akamsogelea kabla sijafungua mdomo.

"Ndugu, nakwenda Ulaya," akasema.

"Ulaya panda nyuma," utingo akajibu bila hata kumtazama. "Wa Zombo wakae mwisho, wanashuka kwanza."

Alisimama pale na mkono umeshika bodi ya lori. Maisha yake yote alikuwa akilitaja neno hilo, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kulisikia asicheke, asishangae, asiulize kitu. Mjomba ilibidi amsukume kidogo ili apande. Nilimgeuzia mgongo nikajifanya natafuta khanga yangu kwenye kapu, kwa sababu nilikuwa nalia.

Juu ya lori aliuliza kila kitu. Mtu aliyeweza kukutajia mito ya Wazungu hakujua jina la mti hata mmoja wa Kilosa, na aliuliza pasipo aibu: hili shamba la nini, ule mlima unaitwaje, hawa ng'ombe wa nani. Mzee mmoja wa Zombo, aliyepakia baiskeli yake, alimjibu yote kwa uvumilivu, na aliposhuka alimuaga kwa mkono kama anayemuaga jamaa.

Tulipofika nilikuta kijiji chetu kimegeuzwa. Nilikuwa nimesikia tu kwamba watu wanahamishiwa kando ya barabara, sasa nikaona: nyumba zimepangwa mistari, mpya, udongo wa kuta bado haujakauka vizuri, na mama yangu yumo katika nyumba ambayo sikuijua mlango wake. Jirani yangu hakutaka kukaa wala kunywa maji. Aliomba aonyeshwe ng'ambo. Mjomba akampeleka mpaka ukingoni mwa Miyombo, nami nyuma yao. Upande wa pili kulikuwa na kuta zisizo na paa, mabua, na mbuzi mmoja. Hakuna moshi popote.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Mjomba akamweleza kwamba ng'ambo hakukaliki tena, wote wamehamishwa. Uso wa jirani yangu sitausahau. Alikuwa amevuka maisha mazima kufika ng'ambo, na ng'ambo kumebaki mbuzi. Nilimkasirikia kila mtu wakati ule, mto wenyewe nikaukasirikia.

Tuliporudi mama yangu alikuwa ametandika mkeka. Mama ni mtu mtaratibu, na alipoambiwa habari alicheka kidogo tu, kwa huruma. "Wamehamishwa, mwanangu, lakini hawakupelekwa Ulaya ya Wazungu. Wamo humu humu. Watu wa ng'ambo wamepewa mstari wa tatu." Kisha akamwambia avue lile koti, atakufa kwa joto. Alipolivua na kofia yake, mama akamtazama upande mmoja wa kichwa, akazunguka akatazama wa pili.

"Masikio haya nayajua," alisema. "Ni ya mzee mmoja wa mstari wa tatu."

Mambo mengine hukaa kwa wanawake. Mjomba alimjua huyo mzee wa mstari wa tatu tangu ujana, wamelima bega kwa bega, na hakujua lolote. Mama alijua yote kwa sababu dada yake huyo mzee alikuwa shoga yake. Mzee huyo alikuwa kibarua Dar es Salaam, akaitwa nyumbani baba yake yu mahututi. Alipotaka kurudi mjini akakamatwa pamoja na vijana wengine, ukiwa ni wakati wa vita, wakapelekwa kwa nguvu kukata mkonge upande wa Kimamba. Alipoachiwa alikwenda moja kwa moja mjini, akakuta nyumba imebomolewa na mtaa hauna mtu anayemjua mwanamke muuza mihogo. Alimtafuta mpaka nguo zikamchakaa mwilini. Alirudi akiwa mtu mwingine. Walimwambia aoe, akasema ana mke na mtoto Dar es Salaam. Waliendelea kumwambia miaka na miaka, na yeye akaendelea kujibu hivyo hivyo, mpaka wakaona mji umemwondolea akili, wakamwacha. Aliishi na dada yake, na dada alipofariki akaishi peke yake.

Nilipomsikia mama akisema hivyo nilimtazama jirani yangu, nikaona kwamba sihitaji ushahidi wa masikio. Ukaidi ule usingetoka kwa mtu mwingine.

Tulikwenda alasiri. Mjomba alitangulia, amevaa kanzu, ameandaa maneno ya kuingia katika shauri zito namna hiyo: ataanza na salamu, kisha mvua, kisha safari, kisha taratibu atafika. Jirani yangu alifuata, amelishika koti mkononi. Mimi na mama tulikuwa nyuma. Mzee alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mwisho kwenye kigoda, anachonga mpini wa jembe kwa panga, na vipande vya mti vimetapakaa miguuni pake. Alikuwa mrefu hata akiwa amekaa. Mjomba akasalimia, akaitikiwa. Kuli wa bandarini akasogea mbele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba," mzee akasema, na kuendelea kuchonga. Kisha akainua macho.

Mjomba alikohoa, akaanza habari za mvua. Mzee akamwinulia kiganja, akamkatiza. Panga aliliweka chini pembeni, polepole, pamoja na mpini. Alimtazama yule mtu kuanzia kichwani mpaka viatuni na kurudi kichwani tena, na wote tulisimama pale, mama amenikamata mkono akiubana mpaka unauma. Niliogopa. Nilifikiri atauliza wewe mtoto wa nani, swali lile lile ambalo huyu amelibeba maisha yake yote, na sikujua kama ataweza kulijibu.

Mzee hakuliuliza. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayemuuliza mwanawe aliyetumwa jirani na sasa amerudi.

"Mama yako hajambo?"

Kwetu salamu hujibiwa kwa heri kwanza. Msiba husubiri, mpaka mtu akae, anywe maji, watu wamzunguke, ndipo aambiwe. Hata aliyetoka kuzika asubuhi, akiulizwa habari atasema nzuri. Nililijua hilo, kila mtu pale alilijua, na bado sikudhani kwamba binadamu anaweza kulifanya wakati kama ule, tena akiwa amesimama wima.

"Hajambo, baba," alisema. "Anakusalimu sana."